Makala Yangu Yamekataliwa na Mahafali ni Desemba. Nifanyeje?

Hujambo mshauri,

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili katika kaunti ya Kisumu, mama wa watoto watatu, na mwaka huu natimiza miaka 43. Shahada ya uzamili nimeisomea kwa kujilipia, nikifundisha mchana na kusoma usiku na wakati wa likizo. Tasnifu nimeitetea ikapita, na masahihisho ya watahini nimeyamaliza. Kilichobaki ni sharti moja: niwe nimechapisha makala katika jarida la kitaaluma ndipo jina langu liingie kwenye orodha ya mahafali ya Desemba.

Utafiti wangu ni kuhusu akina mama wanaouza omena, wale dagaa wa Ziwa Victoria. Nilitaka kujua wanaishije miezi ile uvuvi wa omena unapofungwa, kuanzia Aprili, maana hapo ndipo mtaji huisha. Nilikaa na vikundi 9 vya kuweka na kukopa, huko Dunga na fuo nyingine za karibu. Kila mtu huku husema chama huvunjika kwa sababu pesa zimekosekana. Mimi nilikuta jingine. Vikundi vilivyoendelea kukutana kila wiki hata wakati hakuna aliyekuja na shilingi, vilisimama tena ziwa lilipofunguliwa. Vile vilivyosema “tupumzike kwanza hadi samaki warudi” vilisambaratika, hata kimoja kilichokuwa na akiba ya kutosha.

Niliandika makala nikayatuma kwa jarida moja la nje. Baada ya kungoja sana yakarudi yamekataliwa. Wahakiki, yaani wasomi wanaoyapima makala kabla ya kuchapishwa, walikuwa wawili, na maneno yao nayafupisha hivi: swali la utafiti halionekani hadi ukurasa wa tisa, mapitio ya maandishi ni marefu na yanaorodhesha tu nani alisema nini, mjadala unarudia matokeo, lugha ihaririwe. Mhariri akamalizia kwamba hawezi kuyachapisha jinsi yalivyo, ila mada inawafaa wasomaji wake na anaweza kuyapokea kama makala mapya iwapo nitayaandika upya kwa kina.

Niliisoma barua hiyo nikaifunga, nikalia. Nyumbani tulikua tukizungumza Dholuo, Kiswahili nilikipata sokoni na shuleni, na Kiingereza ni cha darasani tu. Nimeamua kwamba Kiingereza cha wasomi hakitaniingia tena katika umri huu.

Sasa nina njia mbili mbele yangu. Mwalimu mwenzangu anajua jarida la mtandaoni linalojibu kwa siku tano na kutoza dola 100. Amesema atalipa nusu nikimweka kama mwandishi wa pili. Njia nyingine imetoka kwa shemeji yangu anayeishi Nakuru. Anamfahamu kijana anayeandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao, na kijana huyo amekubali kuandika makala yangu upya kwa shilingi 15,000. Msimamizi wangu nilipomuuliza alisema nipeleke popote, mradi nihitimu.

Mume wangu hasemi kitu. Lakini tukidaiwa karo ya muhula mwingine, itatoka palepale inapotoka karo ya mtoto wetu wa kidato cha nne. Na kila ninapokutana na mwenyekiti wa kikundi kimoja sokoni huniuliza, “Mwalimu, yale tuliyokuambia yalifika wapi?” Sina jibu la kumpa.

Nifuate njia gani?

Mwalimu, Kisumu

*

Mwalimu mpendwa,

Hongera kwa kutetea tasnifu yako. Najua sivyo ulivyotarajia nianze, lakini wewe mwenyewe umelipita jambo hilo mbio sana. Mtu anayefundisha mchana, analea watoto watatu, kisha anakaa na wauza omena akiwasikiliza mpaka anaona jambo ambalo kila mtu alikuwa akilieleza vingine, huyo ni mtafiti tayari. Naomba tuzungumze tukiwa tumekubaliana hapo.

Nikikuelewa vyema, una makala yaliyokataliwa, tarehe inayokusogelea, na watu wawili wanaokuletea msaada wa haraka kwa bei. Chini ya hayo yote kuna jambo ambalo umelichukua kana kwamba limeshathibitishwa: kwamba Kiingereza chako ndicho kilichokuangusha. Ningependa tuanzie hapo, kwa sababu naona njia zote mbili unazozifikiria zimetokana na imani hiyo.

Tazama tena maneno ya wahakiki jinsi ulivyoyafupisha mwenyewe. Yako malalamiko manne. Lugha ni moja kati ya hayo, imetajwa mwisho, na walichoomba ni ihaririwe. Hayo mengine matatu yangeandikwa vilevile hata kama makala yangetoka kwa mtu aliyezaliwa na kusomea London. Swali lililochelewa, mapitio yaliyo orodha, mjadala unaorudia matokeo: haya huwapata karibu wote wanaotoa makala yao ya kwanza kwenye tasnifu, kwa sababu wanaikata tasnifu ikawa fupi bila kuibadilisha umbo.

Tasnifu huandikiwa watahini. Lazima uwaonyeshe kwamba umesoma, kwamba unajua kila nadharia iliyo karibu na mada yako, kwamba hukuruka hatua. Makala huandikiwa mtu asiyekujua, mwenye kazi zake nyingi, anayetaka kujua una jambo gani jipya na umelijuaje. Wale akina mama hawashindilii gunia zima la omena ndani ya gorogoro moja. Wanajaza gorogoro, na gunia linabaki na mauzo ya siku nyingine. Nina hakika tasnifu yako ina makala zaidi ya moja ndani yake, na huenda uliyotuma yalijaribu kuyabeba yote.

Rudi sasa kwenye aya ya pili ya barua yako. Kwa sentensi chache tu ulinieleza watu wanaamini nini kuhusu kuvunjika kwa vyama, kisha ukanieleza ulichokikuta, na ukanipa hata mfano wa kikundi chenye akiba kilichokufa. Nilisimama nikaisoma mara mbili. Je, maneno hayo yamo katika ikisiri uliyotuma, ule muhtasari wa mwanzo wa makala? Yamo katika ukurasa wa kwanza? Kama yalikuwa yamefichwa kwenye matokeo, wahakiki hawakuyaona kwa uzito ulionipa mimi.

Mwanaisimu John Swales alichunguza utangulizi wa makala mengi ya kitaaluma akaona kwamba waandishi hupitia hatua tatu: wanaonyesha eneo la mada yao na kinachojulikana, wanaonyesha pengo lililobaki, kisha wanasema wao wanalijazaje. Kwa kazi yako ingeweza kuwa hivi. Vikundi vya akiba vinajulikana kuwasaidia wafanyabiashara wadogo, na kuvunjika kwake huelezwa kwa uhaba wa fedha. Maelezo hayo hayatuambii kwa nini kikundi chenye akiba kinaweza kufa msimu wa kufungwa na kisicho nayo kikaendelea. Makala haya yanafuatilia vikundi 9 vya wauza omena na kuonyesha nafasi ya mikutano yenyewe. Umeona? Swali limefika kabla msomaji hajafungua ukurasa wa pili, na hakuna Kiingereza kigumu kinachohitajika kulisema.

Kama Kiingereza kinakuziba mdomo unapoanza, mweleze mtu kwa Dholuo. Mweleze dada yako, au huyo mwenyekiti wa kikundi, jinsi ulivyonieleza mimi kwa Kiswahili, huku simu ikikurekodi. Andika ulichosema, kisha ndipo ukitafsiri. Wengi huandika Kiingereza kizito kwa sababu wanatafuta sentensi za kisomi kabla hawajajua wanataka kusema nini. Ukishakuwa na dai lako kwa sentensi moja au mbili, pitia makala ya zamani aya kwa aya, na pembeni mwa kila aya andika kwa maneno machache inafanya kazi gani kwa dai hilo. Zitakuwepo ambazo utashindwa kuziandikia chochote. Hizo zirudi kwenye tasnifu.

Mapitio nayo yatapungua yenyewe ukiyapanga kwa hoja badala ya kuyapanga kwa majina ya watu. Ni akina nani wanaeleza kuvunjika kwa vyama kwa upande wa fedha? Ni akina nani wanaangalia uaminifu na uhusiano wa wanachama? Wanapingana wapi? Kazi kumi zinazosema jambo moja zinaweza kukaa ndani ya sentensi moja.

Kwenye mjadala nitakaa kidogo, maana hapo ndipo kazi yako itakapopata nguvu au itakapokosa. Umekuta kwamba vikundi vilivyokutana bila pesa vilidumu. Kwa nini? Walikuwa wakifanya nini katika mikutano hiyo? Wadaiwa waliona aibu kutoroka? Walipeana habari za biashara nyingine? Walizikana na kuuguzana? Majibu unayo kwenye madaftari yako ya mahojiano, na hayo ndiyo wahakiki walikuwa wakiyaulizia. Tena jiandae kwa swali hili: je, kukutana ndiko kulikokiokoa kikundi, au vikundi vilivyokuwa imara tangu mwanzo ndivyo vilivyoweza kuendelea kukutana? Kwa vikundi 9 huenda usiweze kulifunga swali hilo kabisa. Liseme waziwazi katika makala, na ueleze ni ushahidi gani unaokufanya uegemee upande ulioegemea. Mhakiki humwamini zaidi mwandishi aliyeona udhaifu wa kazi yake kabla ya kuonyeshwa.

Kuna na sentensi ya mwisho ya mhariri, ambayo naona uliisoma machozi yakiwa tayari yameanza. Amesema mada inawafaa wasomaji wake na yuko tayari kuyapokea makala yakiandikwa upya. Wahariri hawalazimiki kuandika hivyo. Makala wasiyoyataka huyakataa kwa mistari miwili na mambo yakaishia hapo. Sikuambii kwamba utakubaliwa ukirudi, maana yatahakikiwa tena na yanaweza kukataliwa tena. Nakuambia mlango huo haukufungwa. Ukiamua kurudi, ambatisha barua inayotaja kila hoja ya wahakiki na ulichoifanyia, na usipokubaliana na hoja fulani, eleza sababu kwa upole.

Sasa tuje kwa jarida la siku tano. Simlaumu mwenzako. Presha hii ni ya wengi, na chanzo chake kinajulikana: miongozo ya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2014 iliwataka wanafunzi wa uzamili wawe na makala moja na wa uzamifu mawili katika majarida yanayohakikiwa. Penye sharti la namna hiyo soko hutokea. Kulipa ada peke yake si dalili ya ulaghai, kwa kuwa yako majarida ya heshima yanayotoza ada ili kila mtu asome bure, na mengi huwapunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi za kipato cha chini wakiomba mapema. Kinachonitia wasiwasi ni hizo siku tano. Kumpata mhakiki anayeijua mada, asome, aandike maoni, nawe urekebishe, hakutoshei katika siku tano.

Jeffrey Beall, aliyekuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado Denver, alikusanya orodha ya wachapishaji aliowashuku kuwa walaghai, na orodha hiyo iliondolewa mtandaoni Januari 2017. Leo itabidi uchunguze mwenyewe. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, saraka ya majarida ya bure iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi. Angalia AJOL, mkusanyiko wa majarida ya Afrika ulioanza mwaka 1998, ambao pia hueleza kiwango cha uendeshaji wa jarida kwa nyota. Kampeni ya Think. Check. Submit. ina maswali ya kujiuliza kabla ya kutuma, na haitozi chochote. Mimi huongeza mawili yangu. La kwanza, chagua jina moja kwenye bodi ya wahariri umwandikie kupitia anwani ya chuo chake, umuulize kama kweli anahudumu pale. Wapo ambao majina yao yamewekwa bila wao kujua. La pili, soma makala mawili yaliyotoka humo hadi mwisho. Wewe ni mwalimu, umesahihisha maandishi ya watu miaka mingi. Utajua kama kuna mtu aliyeyasoma kabla ya kuchapishwa.

Likipita mitihani hiyo, basi nitakuwa nimelishuku bure. Lisipopita, faida yake ipo na siwezi kuikana: unaweza kuhitimu Desemba. Hasara zake pia uzione zote. Kamati ya masomo ya juu inaweza kulikataa jarida baada ya wewe kulipa. Na makala yakishatoka humo, huwezi kuyapeleka kwingine, kwa sababu majarida ya heshima hayapokei kazi iliyokwisha kuchapishwa. Ukitaka kuyaondoa, wachapishaji wa aina hiyo mara nyingi hawajibu au hudai pesa zaidi. Ugunduzi wako kuhusu mikutano isiyo na pesa utakuwa umekwama mahali ambapo wale wanaopanga mambo ya uvuvi na mikopo midogo hawatauona, nawe unaulizwa sokoni yalifika wapi.

Suala la jina la mwenzako lina uzito wake. Mwongozo unaofuatwa na majarida mengi, uliotungwa na kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, unamtaka kila mwandishi awe amechangia utafiti kwa kiasi kikubwa, ameshiriki kuandika au kuhakiki, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuyajibia yaliyomo. Kutoa dola 50 hakumo. Huenda yeye naye anahitaji kuchapisha kwa ajili ya cheo, na mnaonana kila siku katika chumba cha walimu, kwa hiyo sikushauri umjibu kwa ukali. Unaweza kumwambia kwamba kazi hii imetoka kwenye tasnifu iliyotetewa kwa jina lako, na kumwalika mfanye nyingine pamoja tangu mwanzo, ikiwa kweli ungependa.

Kwa kijana wa Nakuru, ningetenganisha mambo mawili. Kumlipa mtu ahariri lugha ya makala uliyoyaandika, ukamshukuru mwishoni mwa makala, ni jambo la kawaida na halina aibu. Kumkabidhi ayaandike upya ni tofauti. Hakuwa Dunga. Hajui ni mama yupi alisema nini, wala kwa nini kikundi kile chenye akiba kilivunjika. Na tatizo kubwa la makala yako, kwa jinsi ninavyoona, liko katika hoja, mahali ambapo hata mwandishi hodari hawezi kukusaidia bila kubuni. Akitumia programu za akili bandia, unaweza kuletewa marejeleo ya vitabu visivyokuwepo duniani, yakiwa na jina lako juu. Tena chuo kikigundua, wa kujibu ni wewe. Ila ukishayapanga upya mwenyewe, mwalimu wa Kiingereza shuleni kwako, au hata kijana huyohuyo kwa bei ndogo zaidi, anaweza kukusafishia sentensi.

Njia ya kuandika upya nayo ina gharama, na wewe ndiwe unayezijua. Uhakiki wa dhati huchukua miezi. Huenda Desemba ikapita. Huenda karo ikaja mkiwa hamjajipanga, na mtoto wenu ana mtihani mbele yake. Siwezi kukuambia uipuuze hofu hiyo. Ningependa tu ujue ukubwa wake halisi kabla ya kuamua, kwa hiyo nenda katika ofisi ya masomo ya juu ukaulize, na uombe majibu kwa maandishi. Je, barua ya kukubaliwa na jarida inatosha, au lazima makala yawe yametoka? Vyuo hutofautiana katika hilo. Tarehe ya mwisho ni ipi hasa? Je, mtu aliyebakiza makala pekee hutozwa karo nzima ya muhula au ada ndogo ya kuendelea kusajiliwa? Wana orodha ya majarida wanayoyakubali? Huenda likawemo la chuo fulani cha hapa Kenya lenye uhakiki wa kweli na foleni fupi. Ukituma huko, usitume kwingine kwa wakati huohuo, majarida hukataza.

Msimamizi wako naye mrudie, lakini safari hii usimwulize upeleke wapi. Mpe ukurasa mmoja wenye dai lako na muhtasari wa kila sehemu, umwombe akuambie kama hoja inasimama. Msimamizi mwenye wanafunzi wengi huweza kusoma ukurasa mmoja wiki hiihii, na makala mazima yakakaa mezani kwake hadi mwaka ujao.

Na mume wako asiyesema kitu, je, anajua kwamba mhariri aliacha nafasi ya kurudi? Barua yako inanipa picha kwamba umeibeba habari ya kukataliwa peke yako. Kabla ya kuchagua kati ya Desemba na mahafali yanayofuata, kaeni pamoja na majibu ya ofisi mkononi, mpige hesabu ya karo ya mtoto na yako kwa pamoja. Huenda akaona Desemba haiepukiki, huenda akakuambia mngoje.

Wakati unasubiri majibu hayo, andika zile sentensi mbili za dai lako. Ukipenda nitumie, nitazisoma.